Kaimu Mkimbiaji

Zama zile wanyama walipoanza kupiga mihuri, Kiboko alikuwa Mkurugenzi wa Mto, na kazi yake kubwa ilikuwa kukalia kiti. Siku moja alipanda ngazi tatu tu za ofisi yake, akakwama, pumzi juu juu. Akaitwa Daktari Korongo, akamsikiliza kifua.

"Mheshimiwa, moyo umechoka. Kila asubuhi kimbia mchakamchaka hadi kilimani, la sivyo mvua za mwakani utazisikilizia chini ya udongo."

Kiboko alikipenda kiti, lakini uhai aliupenda zaidi. Aliogopa kweli. Papo hapo akamwandikia Digidigi barua ya kumteua Kaimu Mkimbiaji.

Miezi sita Digidigi alikimbia, na Kiboko akazitia saini taarifa za mbio. Kwa kuzisoma tu alijiona mwepesi.

Korongo aliporudi, aliwasikiliza vifua wote wawili.

"Hongera! Moyo huu una nguvu. Mwenyewe ataishi sana."

"Si unaona?" Kiboko akatamba. "Agizo lako nimelitekeleza."

"Nausema wa Digidigi, Mheshimiwa. Wako umezidi kuchoka. Ulikaimisha mbio, na umri mrefu nao umekwenda kwa kaimu."

Kiboko akajicheka mpaka mashavu yakatikisika. "Kumbe mjinga wa mto huu ndiye mwenye muhuri!"

Kesho yake alijiandikia barua ya kujikaimu mwenyewe, akaigonga muhuri, akaanza kukipanda kilima: hatua moja, mihemo mitatu. Digidigi, aliyekwisha kutangulia, akageuka.

"Jikaze, kaimu mwenzangu!"