Mwanamke Mwenye Daftari

Zunilda aliupiga mpira wa besiboli kwa hasira hadi Anselmo akaruka pembeni.

"We mwanamke, unataka kuniua?"

"Macho yako yalikuwa jukwaani. Daka!"

Tangu Jumatatu mwanamke mmoja mgeni alikuwa akija kukaa safu ya tatu ya jukwaa, viatu vyekundu, daftari mapajani. Saa moja asubuhi, uwanja mtupu, mji mzima wa San Pedro bado unakunywa kahawa. Wa kutazamwa ni nani tena kama si mume wake?

Kwa miaka kumi na mmoja Anselmo alikuwa mlinzi wa kituo cha tatu katika timu ya klabu, na miaka yote hiyo Zunilda ndiye aliyempigia mipira ya kubingirika kabla timu haijafika. Glavu hakumruhusu. Alimfunga ndala kuukuu kiganjani, kama marehemu baba yake Zunilda alivyokuwa akifundisha, ili mikono ijue kupokea kwa upole.

Sasa Anselmo ana miaka thelathini na sita, magoti yanalia, na bado wanawake wanamtazama.

"Jana nilipolala na homa, alikuja?"

"Alikuja. Hakumaliza dakika tano, akaondoka."

"Na wewe?"

"Nikaenda zangu kunywa kahawa."

"Na nani?"

"Peke yangu, jamani!"

"Peke yako, na ndevu ukanyoa?"

Anselmo alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Zunilda. Kila asubuhi alikuwa amemwomba Bikira Maria wa Altagracia uvumilivu, lakini wa siku hiyo ulikuwa umeshakwisha. Alitupa gongo la kupigia, akapanda ngazi za jukwaa mbilimbili, akalinyakua daftari la mgeni.

"Dada, subiri kidogo..."

"Dada yako nani? Mwizi wa waume za watu!"

Alilifungua ili alisome jina la mumewe kwa sauti, hata wauza machungwa wa nje wasikie. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa ndala. Wa pili, miguu ya mwanamke, jinsi inavyokanyaga kabla ya kupiga. Wa tatu, mikono yake yeye Zunilda, imeshika gongo.

Mgeni alitupa jicho uwanjani, akashusha sauti ili Anselmo asisikie.

"Klabu inatafuta mwalimu wa walinzi. Mumeo tunamwachisha kazi Ijumaa. Wewe unaweza kuanza Jumamosi?"