Fundi Asiyekata Kitambaa

Hebu niambie, ni fundi gani anayepunguza sketi asikate kitambaa kinachozidi? Sketi ya Karani kwa nje ilikuwa safi, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Ukiigeuza sasa, unakuta kitambaa kimekunjwa mara tatu, kimelala kiunoni kama nyoka aliyeshiba.

"Kata basi, wifi," alisema Karani, amesimama juu ya kigoda, mikono kichwani. "Kinanitekenya."

Fundi alikuwa amepiga magoti na pini nne mdomoni, akajibu kwa pua tu. Kisha akatoa pini moja. "Kitambaa hakina miguu, hakikimbii. Na ukinenepa tena je?"

Maneno hayo yalimchoma Karani kuliko pini. Tangu daktari amwambie magoti yamechoka kumbeba, alikuwa ameacha soda, ameacha lifti, anakwenda kazini kwa miguu. Mwezi wa saba huo. Lakini nguo za kazini zilikuwa zile zile: sketi tatu, makoti mawili, blauzi tano. Mshahara wa mpiga chapa haununui nguo kila kiuno kinapohama. Basi alizivaa kwa zamu, koti la leo na sketi ya juzi, wenzake wasije wakahesabu. Kila baada ya wiki mbili aliziingiza chumba cha nyuma, kwa huyo wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa na cherehani yake mbele ya dirisha linalotazama ukuta.

Wivu huo, Karani aliamua. Zamani walikuwa na mwili mmoja, wakiazimana mpaka sidiria. Hata shule walimaliza mwaka mmoja. Sasa mmoja anapungua, mwenziwe yuko pale pale, na kila asubuhi anamtazama mwenzake akitoka mlangoni, toka viatu hadi kola, kisha anashuka tena, taratibu, kama anayepima.

"Umebaki shingo, wifi," humwambia. "Upepo ukivuma, shika nguzo."

"Bora shingo kuliko kidevu cha pili."

Wanacheka wote wawili, lakini kicheko hakifiki machoni.

Kisha ikatoka nafasi ya mkuu wa mapokezi, wa ndani na wa nje wote waombe. Karani alileta tangazo nyumbani akalibandika pembeni mwa kioo cha Fundi, maana kioo kirefu ndani ya nyumba kilikuwa hicho kimoja. Wakati anapimwa, anafanya mazoezi ya usaili.

"Niulize, wifi."

"Mgeni akija na hasira, utafanyaje?" Fundi aliuliza katikati ya pini.

"Nitamwambia karibu, kaa kwanza. Ndipo nizungumze naye."

"Haraka hiyo. Rudia, polepole."

Alimfanya arudie mara sita, hadi Karani akashangaa moyoni: kumbe mwenye wivu naye anaweza kufundisha.

"Nikiipata, naaga mafaili na vumbi lake," alisema, akijigeuzageuza kiooni. "Nitakaa mbele, kila anayeingia anione."

"Kukaa mbele," Fundi alirudia, pini zikacheza mdomoni.

Wiki ile mambo yakaanza kuharibika. Sketi ya kijivu ilirudi imekunjika matakoni, kama iliyokaliwa kutwa, na Karani alikuwa hajaivaa bado.

"Pasi imekushinda?"

"Umeme, wifi. Ulikatika."

Siku ya pili akafungua droo ya cherehani kutafuta kifungo, akakuta cheti cha shule cha Fundi kimevalishwa plastiki mpya, kinang'aa.

"Na hiki je?"

"Panya. Wamekizoea mno."

Alhamisi aliinama kwenye kabati la chini ofisini, na ile ya kijivu ikaachia, pwaa, mbele ya watu wawili. Alirudi nyumbani na faili amelibana nyongani njia nzima. Alipoigeuza ile sketi akaona nyuzi ndefu, zimelegea; mishono ya kushikiza, ile ambayo fundi hushonea nguo anayotaka kuifumua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mumewe. "Dada yako anataka niumbuke mbele ya meneja."

"Kwa ajili ya sketi?" mume alicheka, akageuza gazeti.

Karani akaitupa sketi juu ya cherehani. "Haya, sema! Nimekukosea nini? Unataka nini kwangu?"

Pini zilikuwa mdomoni mwa Fundi, nyingi kuliko siku zote. Alipozitoa, alisema tu, "Niachie hii, na koti lake. Jumatano, siku ya usaili, vaa ya buluu. Hiyo nimeishona kabisa, haitakuaibisha."

Na kweli haikumwaibisha. Jumatano Karani alipanda ngazi za ofisi mabega juu, buluu imemkaa, majibu yote kichwani. Kwenye korido, nje ya mlango wa meneja, palikuwa na benchi na watu watano. Wanne hakuwajua.

Wa tano, karibu kabisa na mlango, alivaa koti la kijivu na sketi ya kijivu, mikunjo yake imefumuliwa hadi uzi wa mwisho, zimemkaa kama alizaliwa nazo. Mapajani kulikuwa na cheti ndani ya plastiki.

Karani alisimama, mdomo wazi, macho yanawaka.

Fundi akasogea kidogo, akapiga benchi kwa kiganja. Leo hakuwa na pini hata moja mdomoni.

"Karibu, wifi, kaa kwanza," alisema polepole. "Na mimi nilitaka kukaa mbele."