Mkate Uliopondeka

Duka liko hapo pembeni tu, lakini kila alfajiri Baba Zuhura alikawia saa nzima, akarudi anachechemea, mkate umepondeka.

"Mkate gani huo wa kutolewa jasho?" majirani walimchochea mkewe, Mwanahawa. "Shoga, pana mwanamke hapo!"

Leo akamnyatia. Akamkuta peke yake uwanjani, mkate kwapani, anakimbia kwa goti lile lile ambalo daktari aliagiza lipumzishwe mwezi mzima.

"Unataka wakukate mguu?"

"Raundi mbili tu, mke wangu. Nikikosa siku moja najiona si mtu."

"Bora angekuwa mwanamke, ningemtimua!"

Akamnyang'anya mkate, akaketi nyasini, akamega, akamnyooshea kipande. Baba Zuhura alikitazama, miguu ingali inakimbia pale pale aliposimama.