Amtaje kwa Mdomo Wake

Mwenyekiti wa ushirika alipoingia ofisini akifoka, Tukuswiga alichomoka kwenye kiti cha kompyuta, akajitanda kitenge kichwani, akasimama nyuma ya kabati la mafaili, uso ukutani. Hakuna aliyeshangaa. Mwenyekiti huyo, Mzee Raphaeli, alikuwa baba wa mume wake, na kwa Wandali wa ukoo ule, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawapishani mlangoni, wala mmoja hatamki jina la mwenzake. Maneno yao yote yalipitia kwa Judith, karani wa mizani.

"Mwambie huyo aliye nyuma ya kabati," mzee alinguruma, "majina ya wajane yamefutwa tena kwenye mgao wa mbolea! Mvua hizo zinakuja. Si alisema mashine ameshaifunga?"

Judith hakuwa na haja ya kurudia. Sauti ile ilifika mpaka barabara ya Igamba.

Nje, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wanawake walikuwa wamejaa na hasira zao. Mama Elizabeti, mjane aliyefutwa jina kwa mara ya pili, alikuwa na magunia yake matupu begani. Katikati yao, mikono imefungwa kwa kamba ya mpira ya kufungia mizigo ya pikipiki, alikaa Brian, mdogo wake Tukuswiga, fundi simu wa Tunduma. Zamani alikuwa karani hapo, akafukuzwa kwa mdomo wake mrefu.

Na mashine kweli Tukuswiga alikuwa ameifunga. Ile seva iliyotunza orodha za ushirika ilitumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote duniani anaweza kusoma ulivyoandikwa. Aliushughulikia kama anachambua maharage ya mbegu. Programu zisizo na kazi alizizima moja moja. Milango ya mtandao iliyokuwa wazi bure aliiziba. Akaunti za watu walioondoka alizifuta, akianza na ya Brian. Kisha alimkalisha kila mtumiaji aliyeweza kukaa naye kwenye kiti cha pembeni, bega kwa bega, akamtengenezea ufunguo wake wa siri na kumwekea kwenye flashi. Na kila aliyeingia, seva iliandika jina lake na kutuma nakala kwenye mashine nyingine kule Vwawa, asipatikane mtu wa kufuta nyayo zake.

"Mfumo wa bure!" mzee alitema mate dirishani. "Mpaka Mzambia wa Nakonde anajua ulivyotengenezwa. Utamzuia nani?"

"Mwambie baba," sauti ilitoka nyuma ya kabati, "kila fundi anajua kitasa kinavyotengenezwa, lakini hana ufunguo wa nyumba yako."

"Na huyu mwizi aliupata wapi?"

"Hakutumia ufunguo. Ametumia nywila ya zamani, ya mtu ambaye hakukaa kile kiti cha pembeni."

"Ya zamani!" Mama Elizabeti alidaka dirishani. "Nani anaijua kama si huyu mwanaharamu?"

"Mama, dada alinitoa wa kwanza, hata kwaheri hakuniambia," alisema Brian. "Mimi siku hizi hata nywila ya simu yangu naisahau."

Alichapwa kofi la kisogo. Wengine wakataka aongezwe.

"Nakala za Vwawa zimekuja?" aliuliza mzee.

"Zimekuja," alijibu Judith. "Na jina lipo. Tukuswiga amelisoma, ngoja na mimi niangalie…" Akashika kioo cha kompyuta kukigeuza.

"Wewe kaa!" Mzee alipiga meza, vikombe vikaruka. "Wewe na yeye mnakula sahani moja. Sitaki karani asome, sitaki karatasi. Aliyejigamba kuifunga mashine ndiye aseme. Amtaje mwizi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya akina mama hawa walioibiwa. Akishindwa, nitajua ni ndugu yake, na kijana anapanda gari langu sasa hivi kwenda polisi."

Uwanja mzima ulilipuka. "Amtaje! Amtaje!"

Judith alisogea, akainama karibu na kitenge.

"Dada, sema tu. Hata kama ni Brian, sema yaishe."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Judith, siwezi. Mdomo haufunguki."

"Mmesikia?" Mzee alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile. "Ameshindwa. Mpandisheni!"

Wanaume wawili walimwinua Brian kwa makwapa. Utani ulikuwa umemwisha. "Dada!" alilia. "Dada Tuku, wananipeleka kweli!" Ndara yake moja ilibaki kwenye vumbi.

Mama Elizabeti aliitemea mate ile ndara. "Mtu na dada yake, nyie! Watoto wangu watakula nini mwakani? Majani?"

Hapo Tukuswiga alitoka nyuma ya kabati.

Watu waliokuwa mlangoni walirudi nyuma bila kuambiwa, maana kitenge kilikuwa kimemwanguka mabegani naye hakukirudisha kichwani. Alipita mbele ya Judith, akapita meza, akaenda kusimama mbele ya mzee, karibu kabisa, mpaka harufu ya ugoro wake ikampata. Mzee aligeuza uso ukutani upesi, kama adabu inavyotaka.

"Jina mmelitaka," alisema Tukuswiga, kwa sauti ya kufika uwanjani. "Haya. Nitazame."

Mzee hakugeuka. Judith alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Nitazame, Raphaeli."