Ukwato wa Tatu

Ndama wa Sikudhani alizaliwa na kwato tatu kwenye mguu mmoja wa mbele. Siku ya tatu Mwinchande, kaka wa marehemu mumewe, aliingia uani na kisu.

"Achinjwe, shemeji. Huu ni mkosi."

Bwana mifugo, aliyeitwa na Sikudhani, alikuwa amechuchumaa kando ya ndama, akiupapasa mfupa wa mguu ule.

"Si mkosi," alisema. "Zamani mno, mababu wa ng'ombe walikuwa na vidole vingi, kila kimoja na ukwato wake. Huenda mwili wake umerudi huko. Huenda umekosea tu, sijui. Lakini anasimama vizuri."

"Umesikia, shemeji?" Sikudhani aliuliza.

"Basi mfiche. Mji mzima utatusema."

"Waseme! Nimfiche kwani nimemwiba?"

Alimfungua ng'ombe mama, akafungua lango, na ndama akafuata. Aliwapitisha katikati ya soko, polepole, kuelekea kisimani. Wauza mboga waliacha kupanga mafungu yao. Mmoja alitema mate. Sikudhani hakuharakisha wala hakuinamisha kichwa.

Alipokwisha kupita, watu walisogea kutazama nyayo za ndama kwenye tope. Walizizunguka, wakainama, na hakuna aliyezikanyaga.