Karanga za Buku

Palikuwa na Panya Buku aliyependa kuweka akiba kuliko wanyama wote. Masika yalipokaribia, alijaza karanga shimoni mwake mpaka nafasi ikaisha, na zilizobaki akazishindilia kwenye mlango wa nyuma.

Jirani yake Fuko akaja kutazama. “Bwana Buku, mlango wa nyuma uko wapi?”

“Uko nyuma ya karanga.”

“Na maji yakiingia kwa mbele, wanao watatokea wapi?”

Buku akacheka. “Wewe huna akiba, jirani, ndiyo maana unawaza milango.”

Siku ya tatu ya mvua, maji yakaingia kwa mbele. Buku akawabeba wanawe wawili mgongoni, akakimbilia nyuma, akaanza kuzichimbua karanga. Alikuwa amezishindilia vizuri mno. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni aliposikia kucha zikikwaruza upande wa pili.

Fuko alikuwa akichimba. Karanga zikaporomoka nje, zikachukuliwa zote na maji ya mtelemko. Nyuma ya karanga wakatoka Buku na wanawe, wamelowa chapachapa.

“Pole kwa akiba yako,” Fuko akasema.

Buku akamgusa mwanawe wa kwanza, kisha wa pili.

“Ipo yote, jirani.”