Karafuu za Mlangoni

Miaka thelathini Mzee Silivesta aliwapikia samaki wageni wa hoteli, akijua kwa pua tu ni mvinyo upi mweupe wa Kifaransa unaomfaa samaki yupi, ila hakuwahi kuumeza. Mkewe, Skolastika, hakutaka hata harufu ya mvinyo iliyomganda jikoni. Mzee akirudi jioni, alimzuia nje: "Tafuna karafuu kwanza, ndipo upige hodi."

Skolastika walimzika mwezi wa tatu. Hoteli nayo ikamstaafisha mzee, ikampa chupa moja ya mvinyo mweupe ya kumuaga.

Jumapili mchana akakaanga sato kwa siagi na ndimu. Pilipili akaiacha, maana ingeuzima mvinyo. Jirani yake, Mama Rehani, akachungulia uani.

"Shemeji, na hiyo chupa?"

"Ndiyo mwenzake samaki. Nyama ina wake, mwekundu."

"Makubwa! Hata vileo vinachagua wachumba?"

"Kuliko wewe. Karibu basi, tule."

"Wajukuu wananingoja, shemeji. Siku nyingine."

Mzee akaingia ndani na sahani na chupa, akamimina kwenye kikombe cha chai, akaonja. Mkali kidogo, hauna sukari, na samaki ulimkubali kama alivyowaambia wageni miaka yote. Akapumulia kiganja, akanusa. Ananuka haswa! Akatega sikio kuelekea chumbani. Hakuna aliyegomba.

Mzee akainuka, akatoka nje, akaufunga mlango taratibu. Akatafuna karafuu mbili mpaka machozi yakamlenga, na tuseme ni karafuu.

"Hodi," akaita, akasimama kungoja.